Yah: Kunyimwa Uhispania Bila Kupimwa

Gervas Mutalemwa,
Mlinzi, lango la mbele,
Kliniki ya Moyo,
Oud Metha, Dubai.

Kwa Daktari Sheikha,
Msimamizi wa Utafiti,
Ghorofa ya pili (juu yangu hapa hapa).

Mheshimiwa Daktari, shikamoo.

Kichwa cha barua hapo juu kinahusika, na mwenye moyo anahusika zaidi. Mimi ndiye yule mlinzi mrefu anayekufungulia mlango kila asubuhi. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu nimekusikia ukiongea na mama yako kwenye simu, Kiunguja kitamu kisicho na haraka, nikajua hapa nina mtu wa kunielewa. Kiingereza ningeweza pia, tena vizuri tu, sisi Wahaya hilo halitusumbui. Ila leo nina hasira, na hasira yangu haijasoma Kiingereza.

Mnachunguza hitilafu za mapigo ya moyo ambazo watu wa asili ya Kihispania wanarithishana kwenye vinasaba, yaani Wakolombia, Wameksiko na wenzao waliojaa humu Dubai mahotelini na kwenye ndege. Tangazo nimelibandika mlangoni kwa mkono wangu mwenyewe. Mtu anatolewa damu, anafungwa kile kidude cha kusikiliza moyo kifuani kwa siku mbili, halafu anapewa majibu yake, bure. Nilipopanda kujiandikisha, msaidizi wako Nick aliniangalia kuanzia kofia hadi buti, akacheka, akasema mimi si Mhispania. Hakunipima. Aliniangalia tu! Tangu lini vinasaba vikaonekana kwa macho?

Nisieleweke vibaya, Uhispania siutaki kwa fahari, fahari ninayo ya kutosha kutoka nyumbani. Nataka kujua kama moyo wangu una kasoro iliyomwangusha mdogo wangu Wilbard, na kama nimempa kasoro hiyo binti yangu Anna. Bima ya kampuni yetu ya ulinzi inatambua mafua na kidole kilichobanwa na mlango. Moyo haumo. Kwa hiyo njia iliyobaki ni Uhispania, na ushahidi ninao.

1. Majina. Mimi ni Gervas. Dada yangu ni Redempta. Marehemu ni Wilbard. Juzi nimemfungulia mlango mgonjwa wenu aitwaye Fulgencio, akapokelewa kwa tabasamu na juisi. Daktari, kijijini kwetu tuna Fulgensi watatu, mmoja ni mwenyekiti wa serikali ya kijiji, na hakuna aliyewahi kupewa hata maji! Ukisimama sokoni Bukoba ukaita Domitila, wanageuka watano, na mmoja atakuuliza unamtafuta Domitila gani. Kama hiyo si Amerika ya Kusini, basi nionyesheni Amerika ya Kusini.

2. Chakula. Hili nimelifanyia uchunguzi kwa Virginia, Mkolombia anayeuza kahawa hapo mgahawani chini. Kwao wanakula ndizi za kupika, sisi pia. Wanakula maharage, sisi pia. Wanajivunia kahawa. Sisi kahawa hatuinywi tu, tunaitafuna, na mgeni asiyekaribishwa buni za kutafuna anajua hapendwi. Virginia akaniapia kwamba Wameksiko wanakaanga panzi kwa chumvi na ndimu wakala. Jamani! Senene hao! Nilidhani ni sisi peke yetu duniani wenye akili hiyo. Nilipeleka pakiti ya senene ghorofani kama kielelezo. Nick aliangalia ndani, akarudi nyuma hatua kadhaa, akaita watu wa usafi. Naomba kielelezo changu kirudishwe, kwa sababu msimu wake bado uko mbali.

3. Malezi ya moyo wenyewe. Sisi kwetu tumekuzwa na tamthilia za Kimeksiko zilizotiwa Kiswahili. Mama yangu aliacha ndizi zikaungua jikoni akisubiri kujua mtoto ni wa nani. Mimi mwanaume mzima nimelia harusi ilipovunjika kanisani. Miaka yote hiyo, Daktari, ni nani aliyekuwa akiuendesha mbio moyo wangu na kuusimamisha, kama si Wameksiko? Halafu moyo ukianza kuruka mapigo, wanasema hawanijui.

4. Utaratibu wa mji huu. Dereva wa basi linalotuchukua alfajiri kambini kwetu, kule Muhaisnah, ananiita Kenya. Arbab, yaani bosi mwenye jengo, ananiita Nigeria. Msimamizi wangu ameandika Uganda, na nilipomrekebisha akasema khalas, yaani yaishe, ni karibu. Wote hao wamenipa nchi bila kunitoa tone la damu, na sikuandika barua. Sasa iweje Uhispania peke yake ndiyo iwe na masharti? Na wewe mwenyewe, Daktari, samahani kwa kukutolea mfano: ukiwa ghorofani ni Mwarabu wa hapa hapa, ukiwa kwenye simu ni mtu wa Unguja kabisa, unauliza kama mama amepata muhogo wake wa nazi. Hakuna anayekukataza kuwa wawili. Mimi naomba kuwa wawili kwa siku mbili tu, zile za kuvaa kidude.

5. Sayansi. Nick, nilipomganda, alinieleza kwa upole kwamba hesabu zao za kukisia nani yuko hatarini zinafanya kazi kwa watu waliokwisha kuchunguzwa tu. Mwanzo walichunguza mioyo ya Wazungu. Wakagundua hesabu ile haiwasemi vizuri Wahispania, wakaona si haki, ndiyo utafiti huu. Nikamuuliza zamu yetu ni lini. Akasema swali zuri. Daktari, nimekaa kwenye foleni nyingi, za pasipoti, za basi, za choo cha kambini, na kila moja nilijua mkia wake uko wapi. Hii ya mioyo sijui hata naisimamia wapi.

Wilbard alikufa akiwa kwenye foleni hiyo bila kujua kama amepanga. Alikuwa kijana mzima, mchezaji mpira, hana hata presha. Kengele ya simu ilimwamsha asubuhi, akakaa kitandani, akaanguka. Basi. Nyumbani walisema karogwa, na shangazi yetu mjane akasusiwa na ukoo mzima mpaka leo, hata msibani haitwi. Mimi sikumtetea, na hilo linaniuma mpaka sasa.

Sasa ni Anna, binti yangu. Shuleni kwao kengele ni rimu ya lori iliyoning'inizwa, inagongwa kwa chuma. Mara mbili rimu imegongwa ghafla karibu naye, na mara mbili Anna ameanguka chini kama nguo iliyochomoka kwenye kamba. Mwalimu alisema ni njaa. Zahanati walimpa dawa ya malaria. Mke wangu Jovia ananipigia kila jioni kuniambia kama Anna amerudi mzima. Naogopa, Daktari. Silali vizuri, na nikilala nazima simu, isije ikaniamsha kama ilivyomwamsha Wilbard.

Kwa hoja hizo, naomba yafuatayo. Nihesabiwe Mhispania mara moja. Anna ahesabiwe kwa kunifuata mimi babaye, na shangazi yetu asafishwe jina kwa barua yenye muhuri. Ikionekana ni usumbufu kutuchukua mmoja mmoja, basi mkoa mzima wa Kagera uingizwe Amerika ya Kusini kwa madhumuni ya moyo peke yake. Kwa kodi, siasa na mpira tutaendelea kuwa Watanzania. Kihispania niko tayari kujifunza. Virginia ameshanifundisha kusalimia na kudai chenji.

Nisalimie wote ghorofani, akina mama wa usafi, Fulgencio akirudi kliniki, mama yako huko alipo, na hata Nick, ambaye si mtu mbaya, ila macho yake yana haraka.

Ndimi wako mtiifu, ninayelinda moyo wa kila aingiaye isipokuwa wangu,

Gervas Mutalemwa (Mhispania mtarajiwa)

NB: Nikiwa naikunja barua hii, Nick ameshuka mwenyewe hadi langoni, anacheka meno yote. Anasema utafiti unahitaji pia watu wasio Wahispania, wa kulinganishia, hasa Waafrika, tena haraka. Nije kesho. Kwa hiyo, Daktari, tafadhali puuza yote niliyoandika hapo juu. Mimi ni Mhaya wa kuzaliwa. Akina Fulgensi wetu walipewa jina hilo na padri bila kuulizwa. Ndizi zetu ni tofauti kabisa na za Virginia, na Mmeksiko mimi simjui.

Nimeshamshukuru Nick, ndipo akaongeza kwamba wa kulinganishia hutolewa damu tu. Majibu hawapewi, hayo ni ya wanaochunguzwa. Basi naomba damu ichukuliwe kama ya Mhaya, na majibu yatolewe kama ya Mhispania. Na kama taratibu zinakufunga mdomo, usiseme kitu. Siku utakayoyaona, kama kasoro ipo, ukipita hapa langoni niitikie kwa kichwa tu. Nitaelewa, nitampigia mwalimu wa Anna aache kuigonga ile rimu, awe anawaita watoto kwa mdomo.