Vipande Vilivyokatwa vya "Mjane wa Ikuti"

Jumatatu, 3 Juni
Manyunyu. Baridi. Kuna habari mbaya kuliko baridi: mpinzani wangu Muddy amepata vipande vilivyokatwa vya filamu ya Mjane wa Ikuti! Kaandika kwa chaki nje ya kibanda umiza chake cha video, ng'ambo ya barabara, nisome vizuri nikiwa mlangoni mwa changu. Ataonyesha Jumamosi. Anadai kapewa na mtengenezaji mwenyewe, kule Mbeya.

Hapa Makandana nani asiyeijua filamu ile? Ilipigwa hukuhuku Rungwe tukiwa vijana, ikaisha bila kusema nani alimuua mume: Mjane au Shemeji. Watu wanagombana mpaka leo. Mwalimu Alinanuswe, mkuu wa Timu Shemeji, hasalimiani na mdogo wake kwa sababu hiyo hiyo.

Wote watakwenda kwa Muddy. Kibanda changu kitabaki na kuku.

Lazima nimuwahi. Vipande sina. Vitapatikana.

Jumatano, 5 Juni
Tumepiga! Migombani kwa shangazi, kwa simu yangu, mpigaji shangazi mwenyewe. Mke wangu Prisca ndiye Mjane, kajifunika khanga hadi puani asitambulike. Shemeji ni mimi, kisogo tu. Marehemu pia ni mimi.

Prisca alikataa kwanza. Akauliza kama jina lake litatajwa. Nikamwambia litatajwa, mke wangu, wasiwasi wa nini? Basi akalia juu ya maiti mpaka mimi maiti nikataka kumbembeleza. Sikujua ana kipaji! Nyumbani hulia kidogo tu, tena jikoni.

Na muuaji? Si Mjane, si Shemeji. Marehemu hakufa! Wazo limenijia nimelala chali kwenye majani ya mgomba. Mimi ni mtu wa hatari.

Ijumaa, 7 Juni
Kibanda kimefurika! Wengine dirishani. Nikatangaza kwamba ni vipande halisi, na Mjane ni mwigizaji yuleyule wa zamani. (Ilibidi.)

Marehemu alipofumbua jicho, benchi likavunjika. Timu Mjane na Timu Shemeji wakakumbatiana, maana wote walikuwa wamekosea. Mtu mmoja akauliza mbona kuna sola juu ya paa nyuma ya Mjane, enzi zile sola zilikuwa wapi? Nikamjibu ndiyo maana kipande kilikatwa. Akaridhika.

Mwalimu Alinanuswe alitoka, akaegemea ukuta, akasema kumbe amemchukia mdogo wake bure. Nikajisikia vibaya kidogo. Kisha nikajisikia vizuri.

Prisca kauliza mbona jina lake sikulitaja. Nimesema kesho.

Jumamosi, 8 Juni
Siku ya balaa.

Vipande vya Muddy ni vya kweli, maskini. Mjane anamenya ndizi. Anamenya nyingine. Mtu anaita "Kata!" Mjane anacheka. Basi! Watu wakapiga kelele kwamba hivyo ni feki, halisi ni vya kwangu, vya Ambwene. Muddy akavuka barabara, umati nyuma yake, akanitaka niape mbele ya watu.

Nikaanza kuapa.

Wazee wakawa wanamsifu mwigizaji yule wa zamani. Mmoja akasema siku hizi hakuna mwanamke wa hapa anayeweza kulia vile. Prisca alikuwa mlangoni anakaanga maandazi. Akaweka chini mwiko.

"Ni mimi."

Wakamcheka. Akavuta khanga puani, akapiga magoti kwenye tope, akalia. Kilio kilekile! Bodaboda zikasimama. Bibi mmoja akaanza kulia naye kwa Kinyakyusa, akitaja jina la marehemu mumewe. Hakuna aliyecheka tena.

Prisca akanyanyuka, akanigeukia. "Baba Ikupa, ulisema utanitaja."

Mwalimu Alinanuswe akadakia: asubuhi kapatana na mdogo wake, wamekunywa chai pamoja, sasa akamwambie nini? Hapo mabenchi yangu yakaanza kutoka nje mabegani mwa watu, nami nikatokea mlango wa nyuma.

Jumapili, 9 Juni
Kanisani kila mtu kamsalimia Prisca. Mimi, hakuna. Mwalimu na mdogo wake walikaa pamoja, wakibishana kwa kunong'ona: Mjane, Shemeji, Mjane.

Mchana akaja Muddy; kumbe jana alimrekodi Prisca akilia, akamtumia mtengenezaji. Mtengenezaji anapiga sehemu ya pili, anamtaka Prisca awe Mjane. Alimuuliza yeye, mimi akanipita kama kigoda. Prisca akakubali kwa sharti moja: jina lake liwe la kwanza, tena kwa herufi kubwa.

Muddy alipoondoka nikamwomba mke wangu radhi. Nikamwambia niliogopa kibanda kisije kikafa. Akanimiminia chai. Kisha akasema, "Haya, nitaje."

Nikamtaja.

"Majirani hawajasikia."

Nikafungua mlango, nikaliita jina lake barabarani kwa nguvu zangu zote. Watu wakapiga makofi. Prisca akacheka, akajifuta macho kwa khanga. Nimeapa, safari hii kwa dhati: uongo basi.

Jumatatu, 10 Juni
Mtengenezaji ataanza kupiga sehemu ya pili mwezi ujao.

Nimeshatangaza sokoni Tukuyu kwa kipaza sauti: Ijumaa hii, kwa Ambwene tu, vipande vilivyokatwa vya sehemu ya pili!