Mistari ya Vert mu Tube ya Mama Abigaël

Siku ya kwanza, 6 octobre

Cahier mpya, bic mpya. Mi Ushindi. Niliacha masomo mu cinquième primaire, lakini macho yangu ilimaliza université. Ku atelier ya Mama Abigaël tuko babili tu. Dady iko na Diplôme d'État, anaisema hata kwa batu wanauliza njia. Njo yeye anaendesha mashini ya laser. Mi nafagia vumbi ya plexi, ile plastiki ngumu tunakata. Leo korali iliomba badge mia moja ya jubilé, ya kuvaa ku kanisa siku ya yenga. Mama alisema kama mashini ikiharibika mu mikono ya Dady, nitaichukua mi. Mi! Nilifagia mbio sana.

Siku ya pili

Laser inakata vibaya. Ingénieur Rachidi, ule anafundisha ku université, alikuja kuangalia. Mu tube ya vioo muko gaz carbonique, ile ile ya Fanta. Alisema kama courant ya umeme inaipiga, inapasuka: oxygène kwake, monoxyde kwake, kama ndoa. Ukipandisha courant, inavunjika mbio. Ukishusha, zingine zinarudiana. Alituonyesha kuangalia mwangaza ya tube na kipande ya CD: rangi zinaachana, mistari mistari. Vert, ile rangi ya majani, ikiwa na nguvu, gaz inapasuka na laser inakosa nguvu ya kukata. Aliomba mutu aandike kila siku courant na mistari. Dady alisema yeye si secrétaire. Mi nilirudia ufagio. Haya. Lakini cahier ilikuwa mu mufuko.

Siku ya tatu

Courant 14. Vert kidogo. Dady anaendesha polepole, kama mutu ya akili. Mubaya sana kwangu! Alienda kula pondu, majani ya mihogo, nilipandisha courant mpaka 22. Mu CD, vert kama mashamba ya kwetu Aveba kisha mvua. Niliandika. Badge zilikatwa nusu tu, hazikuachana na plexi. Mama alimuuliza Dady kama Diplôme yake ilikatwa na mashini gani. Nilicheka ndani ya moyo.

Siku ya ine

Pondu tena. Courant 26. Tube ilikuwa rose, sasa iko nyeupe kama maji ya mihogo. Niliandika yote: saa, mistari tano, na chini, "Dady hajue kitu." Saa saba laser ilikufa. Badge thelathini na tatu tu. Mama alimufukuza Dady. Alilia kweli. Nilimupa mouchoir. Mi si mubaya.

Siku ya tano

Rachidi alirudi, aliuliza nani aliandika mistari. Nilitoa cahier. Alisema wanafunzi wake hawaangalie hivi hata mumoja. Mama alinifungulia sucré, Fanta ya baridi. Nilikuwa opérateur dakika tano. Kisha Rachidi aligeuza ukurasa. Alisoma kwa sauti, polepole, mpaka "Dady hajue kitu."

Mama hakupiga kelele. Alisema: "Mwanangu Ushindi, gaz haikukosa kitu. Ile courant njo weye."

Alirudisha sucré mu frigo.

Siku ya yenga, 12 octobre

Dady alirudi. Rachidi aliazimisha tube ya occasion, ilishatumika, badge zote zilitoka. Mi nilifunga kamba, moya moya, mia moja. Dady alinipa beignet yake, mandazi ya moto. Anataka kunidharau, naona.

Rachidi anataka mistari iandikwe tena. Dady alinunua cahier kubwa. Naandika hii nyuma ya ile cahier yake, ukurasa ya mwisho. Mutu ya akili hawezi kutafuta hapa.

Kesho kuko pondu.