Mashine ya Vifaranga vya Mama

Jumapili, 7 Septemba 2025

Bweri. Nimerudi kutoka Nyegina kwa Mama. Mashine ya kulea vifaranga niliifunga jana bandani kwake. Vifaranga mia moja, wa siku moja. Hita ya umeme isiyotoa mwanga, kipimajoto, na kisanduku changu kinachoamua hita iwake lini na izime lini. Nimekipangia nyuzijoto thelathini na tatu. Kipimajoto kina betri na laini yake, kwa hiyo namba zinaingia kwenye simu yangu kila dakika kumi. Mama hana la kufanya zaidi ya kuweka maji na chakula.

Nafasi ya uprofesa kwenye idara yetu ni moja. Waombaji wawili. Mimi, mhadhiri mwandamizi kwa miaka kumi na moja, na Gibson Machage, ambaye siku anaripoti chuoni mimi ndiye niliyemwonyesha choo kilipo. Kamati inakagua miradi Ijumaa.

Tena si cheo tu. Mama ana miaka themanini na nne, na kanisani ananitambulisha kama profesa. Tangu 2014! Sijawahi kumsahihisha. Kila nikiitwa hivyo mbele ya paroko natoka jasho mgongoni. Nataka neno lake liwe kweli yeye akiwa hai.

Aya ya kwanza ya maombi yangu: safari yangu ya uhandisi ilianza darasa la tano, nilipotengeneza redio ya marehemu baba yangu kwa kisu cha jikoni na kipande cha waya. Debora kaisoma. Anasema ni nzuri, ila niliisema pia kwenye harusi ya binti yetu, na kwenye msiba wa jirani.

Jumatatu, 8 Septemba

Grafu imenyooka kama imepigwa rula. Thelathini na tatu, thelathini na tatu, thelathini na tatu. Nimeipeleka chuoni Butiama, nikaibandika ukutani darasani. Nikawaeleza wanafunzi kwamba mfumo wowote wa kudhibiti joto hupanda ukazidi, ukashuka ukapungua, ndipo ukatulia. Wangu haufanyi hivyo. Wangu umezaliwa umetulia.

Binti mmoja, Marieta, akauliza kama ni kawaida hita isiyumbe hata kidogo. Nikamjibu kwamba hapo ndipo vitabu vinapoishia na uzoefu unapoanza. Akaandika. Mwanafunzi mzuri, ila anauliza sana.

Jumatano, 10 Septemba

Nimekwenda Bunda kupeleleza mradi wa Gibson wa kumwagilia nyanya. Nilivaa kofia ya Debora ya shambani na miwani ya jua. Mpango: nijifanye mnunuzi wa nyanya, nione kasoro, niondoke.

Sikumaliza hata tuta la kwanza. Gibson kanipungia mkono kutoka mbali, kanipa shikamoo yake, kasema za kuuza ziko upande wa pili lakini Dokta karibu uone za mradi. Kanionyesha kila kitu. Koki zinajifungua udongo ukikauka, zinajifunga ukilowa. Nimetafuta kasoro saa mbili nzima. Hakuna. Inaudhi sana.

Halafu watu wa kwake wakanipa ugali na samaki sato, kichwa kikawa changu mimi mgeni. Halafu akanirudisha kwa gari lake hadi Bweri. Njia nzima anamuulizia Mama, anakulaje, analalaje. Wakati nashuka akanikumbusha kofia. Mtu wa namna hii utamchukiaje vizuri?

Alhamisi, 11 Septemba

Nyegina, ukaguzi wa mwisho. Vifaranga wazima wote mia. Grafu imenyooka. Ila pembeni ya banda nimekuta chungu cha makaa kimefunikwa na tenga. Nikamuuliza Mama. Kasema cha kukaangia karanga. Nikaomba karanga. Kasema zimeisha.

Macho yake mekundu, amechoka. Nimemgombeza kidogo. Nimemwambia mashine inafanya kazi yote, yeye alale. Kaitikia kwamba ndiyo, Profesa, inafanyaga.

Wazo limenijia hapo hapo. Kesho Mama asikae bandani na khanga ya vumbi. Avae kitenge cha sikukuu, akae sebuleni na kamati mwanzo mpaka mwisho. Wazee wa kamati wanapenda kuona familia.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimekwisha.

Kamati ilifika saa nne asubuhi ikiongozwa na Mkuu wa Idara, Profesa Lameck. Gibson naye alikuja, mradi wake walishaukagua alfajiri. Mama kapendeza. Hotuba yangu ilipangwa dakika kumi na tano. Ilikwenda hamsini, kwa sababu ya redio. Mama aliinuka mara tatu, na mara tatu nikamshika bega nikamkalisha. Nilidhani ni adabu za kutaka kuongeza chai.

Nikafungua grafu wajionee. Thelathini na moja. Ishirini na nane. Ishirini na tano, na inazidi kushuka.

Tukakimbilia bandani. Vifaranga wamelundikana kona moja, wanalia. Mama akanipita na kitenge chake cha sikukuu. Akafunua tenga, akachochea makaa, akaingiza chungu katikati ya banda. Akapiga magoti kwenye maranda. Akawapangua wale wa juu kwa viganja ili wa chini wasikose hewa. Akasogeza chungu kidogo huku, kidogo kule. Hakumtazama mtu. Baada ya nusu saa simu yangu ikasoma thelathini na tatu. Hajafa hata mmoja.

Gibson akafungua kisanduku. Fyuzi imeungua. Akatazama kwenye simu yangu, ndani ya faili la namba, safu ya kuwaka kwa hita, safu ambayo mimi sikuwahi kuifungua. Sifuri. Sifuri tangu Jumamosi. Aliniambia kwa sauti ya chini, akaniita Dokta. Afadhali angecheka.

Profesa Lameck akamuuliza Mama anajuaje joto bila kipimo. Mama kasema vifaranga wenyewe wanasemaga. Wakikumbatiana wanasikia baridi. Wakikimbia chungu na kuachama midomo wameungua. Wakilala wametawanyika kama watoto walioshiba, basi, usiguse kitu. Profesa Lameck akaandika yote. Katika dakika zangu hamsini hakuwa ameandika neno.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimelala Nyegina. Asubuhi tumekaa wawili tunachambua dagaa. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mashine haifanyi kazi. Kasema nilikuwa na furaha sana. Kasema uso wangu ulikuwa ule ule wa siku ya redio.

Akaendelea kuchambua. Halafu akasema na redio ile pia haikuponaga. Niliiua kabisa. Baba alikwenda mjini Musoma kwa baiskeli, akatafuta nyingine inayofanana nayo, akaikwaruza ubavuni kwa msumari mahali pale pale pa mkwaruzo wa ile ya zamani, akaiweka mezani kabla sijarudi kutoka shule. Miezi mitatu Baba alikunywa chai bila sukari.

Nikaona bora niseme na langu. Nikamwambia mimi si profesa. Sijawahi kuwa.

Kasema anajua. Paroko alishamweleza zamani. Ila mhadhiri mwandamizi ni maneno marefu, na yeye kabakiwa na meno manne.

Nililia. Nikiwa nalia nilikipenda kile chungu, zile dagaa, ule mkono wake unaonuka moshi. Naandika hapa kwa kuwa Debora hajui ninapoficha daftari hili.

Mchana nimeweka fyuzi mpya. Mama ameahidi hatagusa kitu, ataiacha mashine ifanye kazi yake.

Jumatatu, 15 Septemba

Nafasi amepewa Gibson. Nimempa mkono, na nilipompa nilimaanisha, kwa karibu moyo wote. Amenizawadia pakiti ya fyuzi. Profesa Lameck anasema niombe tena mwakani, na anashauri tuandike makala kuhusu vifaranga, mimi na Mama. Jina la Mama litangulie. Nitalifikiria.

Jumatano, 17 Septemba

Habari kubwa.

Debora amerudi kutoka Nyegina. Anasema umeme huko umekatika tangu juzi asubuhi, nguzo imeanguka. Anasema pia Mama anasinzia mchana na kitenge chake kinanuka moshi. Uzee huo.

Nikafungua simu kwa hofu. Grafu imenyooka. Siku tatu bila umeme na haijayumba! Tena ajabu zaidi: vifaranga wameingia wiki ya pili, wanahitaji thelathini tu, na mimi nilisahau kubadilisha namba. Joto limeshuka lenyewe hadi thelathini, taratibu, siku ile ile inayotakiwa.

 Debora ameuliza kama nina hakika sitaki kufungua ile safu ya hita niliyomsimulia. Nimemwambia asinipotezee muda, naandika maombi ya mwakani. Aya ya redio nimeiacha ilivyo. Chini yake nimeongeza moja mpya: kwamba baada ya wiki moja tu mikononi mwangu, mashine imejifunza.