Panya Wawili na Kabati la Mkwe Tsonka

Jumatatu, 20 Oktoba

Jana kikao cha familia kwa mwanangu Plamen. Kwanza supu, halafu habari mbaya. Mkewe, Rositsa, ataanza zamu ya jioni kiwandani mwezi ujao. Kwa hiyo Dida, mjukuu wangu wa pekee, darasa la pili, atahitaji pa kwenda akitoka shule. Wapi? Kwangu, bila shaka! Ghorofa ya pili, karibu na shule. Ila Tsonka, mama yake Rositsa, anakaa ghorofa ya nne, jengo hilohilo, ngazi hizohizo. Akatabasamu, akasema mtoto achague mwenyewe.

Anayesema mtoto achague mwenyewe ameshamhonga mtoto. Nimekagua tiketi kwenye treni ya Stara Zagora mpaka nikastaafu. Tabasamu la namna ile nalijua.

Dida ataamua wiki ijayo, baada ya sikukuu ya jina lake, siku ya Mtakatifu Dimitri. Tsonka ana cherehani, ana nguo za wanasesere, ana mkate wa boga wenye kokwa za jozi. Mimi nina televisheni. Tangu mke wangu Yordanka afariki, nyumba ina kimya kinachonichosha, mpaka saa ya ukutani inanikera. Namtaka mtoto huyu hapa. Nimeandika, basi.

Leo nimemvizia Dida getini pa shule. Nikamuuliza anatamani nini kuliko vitu vyote. Akasema panya. Wa kuchezea? Hapana, wa kweli, anayepumua, wa kukaa begani. Mama kakataa. Na Bibi Tsonka akisikia tu neno panya anapanda juu ya kiti.

Juu ya kiti! Mungu ananipenda.

Jumanne, 21 Oktoba

Nimekwenda kwa Ralitsa, binti wa mtaa wa nyuma anayefuga panya kama wengine wanavyofuga sungura. Chumba safi, hakuna harufu. Hilo lenyewe linatia shaka. Akaniambia nichukue wawili, kwa sababu panya akiwa peke yake hunyong'onyea, haachi kona yake, anatazama ukuta kutwa nzima.

Hadithi nzuri. Kwenye treni nilikuwa nasikia za mama wagonjwa. Nikachukua mmoja. Mweupe, kichwa cheusi, macho ya kukopa.

Jioni: amekaa kwenye kona. Anatazama ukuta. Mimi nimekaa kwenye kiti changu, natazama ukuta mwingine. Sioni tatizo liko wapi.

Jumatano, 22 Oktoba

Dida amekuja! Amemwona panya, amekaa chini sakafuni na koti lake, machozi yanamtoka kwa furaha. Panya akampanda mkononi, mpaka begani, akajificha ndani ya nywele. Nikajiona nimeshinda. Kisha Dida akasema panya ana huzuni, anahitaji mwenzake.

Maneno yaleyale ya Ralitsa! Nani kamfundisha? Nikamuuliza kama ameongea na mtu. Akasema amemtazama tu. Hm.

Tukaenda kumchukua wa pili. Wote madume, Ralitsa ameapa, na wakati anaapa nilikuwa namtazama usoni. Nikapendekeza majina: Mkurugenzi na Naibu. Dida akawaita Boga na Mbegu.

Boga! Mtoto ana majina yote ya dunia, anachagua boga! Huo ni mkono wa Tsonka.

Lakini lazima niseme kweli. Yule wa kwanza alipomwona mwenzake aligeuka panya mwingine kabisa. Wamelala kichwa cha huyu juu ya tumbo la yule, wanasaga meno taratibu. Dida anasema wakisaga hivyo ujue wamefurahi. Nimewasikiliza jioni nzima. Si sauti mbaya.

Alhamisi, 23 Oktoba

Dida kaja na furushi. Mkate wa boga kutoka kwa Bibi Tsonka, anasema ni wa panya.

Yaani Tsonka wa juu ya kiti anawapikia panya? Sumu! Au kitu cha kuwalevya ili mtoto aseme kwa babu panya wanaugua. Nikamshukuru kwa uso mkavu, nikasubiri Dida arudi kwao, nikaanza uchunguzi. Nikala kipande. Nikangoja. Sikusikia chochote. Pengine ni sumu ya polepole. Nikala kingine. Ili kujiridhisha nikamaliza furushi. Boga na Mbegu walikuwa wameshika nyavu za kizimba kwa vidole, wananitazama.

Nikawapa mkate mkavu na jibini. Wakanusa, wakanigeuzia mgongo. Wameshanunuliwa.

Ijumaa, 24 Oktoba

Nimeamua panya lazima wanijue mimi ndiye mwenye nyumba. Ralitsa alisema wanamzoea mtu kwa harufu. Basi nimevaa suruali yangu ya kijivu, ile ya heshima, Boga mfuko wa kulia, Mbegu wa kushoto, nikatembea sebuleni nikiwaeleza kanuni za nyumba. Wametulia sana. Nikawasifu.

Kumbe walikuwa kazini. Mbegu alitokea nyuma, mahali ambapo sitapaandika.

Jumapili ni sikukuu ya Dida na suruali ya maana ninayo hiyo moja. Katika jengo hili anayeshona ni mtu mmoja tu.

Jumamosi, 25 Oktoba

Nimepanda ghorofa ya nne. Nikamwambia Tsonka ni nondo. Akapitisha kidole kwenye tundu, akanitazama, akauliza kama nondo huyo ana mkia. Nikasema sikumwona vizuri.

Akashona. Akanipa kahawa. Akauliza kama nyumbani ninapika au nakula vitu vya kopo. Akauliza kama panya hawapati baridi dirishani. Ukachero mtupu! Nimejibu kwa kifupi na sijataja madirisha yako mangapi.

Akaniambia kama kuna nguo nyingine imechanika nimletee leo, maana keshokutwa ni Siku ya Panya na hatagusa sindano. Hilo nalijua. Kwao kijijini, siku inayofuata Mtakatifu Dimitri, wanawake hawashoni, hawakati kitambaa, hawafungui kasha wala kabati la nguo, wasije wakawaudhi panya na kutafuniwa akiba majira yote ya baridi. Anakaa kwenye jengo lenye lifti na bado anashika mambo hayo. Yordanka alikuwa mhasibu, kwetu hayakuwepo.

Hapo Dida akatokea jikoni, mdomo umejaa. (Alikuwa anafanya nini huko? Anakula! Huku!) Akasema kwa furaha kwamba Jumatatu Bibi atakuja kwangu na udongo, aje kuwapaka panya macho.

Macho. Ya panya. Nyumbani kwangu. Nimeshuka ngazi bila kuaga.

Jumapili, 26 Oktoba

Sikukuu ya jina. Watu wengi, kabichi iliyojazwa nyama, na rakia ya Plamen, pombe kali ya matunda. Dida kavaa gauni jipya, aliyelishona sina haja ya kumtaja. Rositsa amekaa mbali nami, anatazama mifuko yangu.

Halafu Tsonka akatangaza mezani kwamba ameanza kuwazoea panya, na kwamba Alhamisi alimshika Mbegu ngazini. Alimshika! Dida akathibitisha. Mtoto ndiye aliyemtoa bila ruhusa yangu, ndani ya kofia. Mtu aliyekuwa anapanda kiti juzi leo anashika panya kwa mkono? Watu hawabadiliki hivyo. Kuna kitu.

Nikamvuta pembeni, nikamuuliza udongo wa nini. Akasema ni mila tu, ya mama yake na bibi yake: unafumba macho, unapaka, na panya hawaoni akiba yako mpaka majira ya kuchipua. Nikamuuliza unapaka wapi. Akasema panapofikiwa na mkono.

Panapofikiwa na mkono! Ajuza mmoja, macho yamefumbwa, udongo kiganjani, katikati ya panya wangu! Kwa wengine ni ukuta tu, kwa sababu wengine hawana panya. Mimi ninao, na mkono wake utawafikia. Hapo Dida atalia, kosa litakuwa langu kwa kuwaacha wapofuke, na mtoto ataamua akiwa na hasira.

Nina mpango. Mzuri mpaka nimecheka peke yangu bafuni. Mahali gani Tsonka hatatazama kesho hata akikatwa? Kabati lake mwenyewe! Na ufunguo wa nyumba yake ninao, wa kumwagilia maua anapokwenda kwa dada yake mjini Tryavna.

Jumatatu, 27 Oktoba

Asubuhi Tsonka kaenda sokoni. Nikapanda. Kizimba hakikuingia kabatini, mlango haufungi. Nikawahamishia kwenye sanduku la viatu vyangu. La karatasi ngumu, zito, la kuaminika. Nikalitoboa matundu ya hewa, nikalisukuma nyuma ya vitambaa, nikafunga, nikashuka na kizimba kitupu. Hakuna aliyeniona isipokuwa paka wa ghorofa ya tatu, naye nina mashaka naye.

Baada ya shule mlango ukagongwa. Tsonka na bakuli, Dida anamshika mkono. Tsonka akafumba macho. Akainama kando ya bomba la jikoni, akapaka. Dida akauliza mara tatu unapaka nini, naye mara tatu akajibu anapaka macho ya panya. Doa dogo la udongo ukutani, ningeweza kulifunika kwa kifuniko cha chupa. Akanawa mikono, akanitakia majira mema ya baridi.

Ndiyo hiyo tu! Hiyo tu!

Dida akaenda kwenye kizimba.

Akakikuta kitupu. Kisha akamuuliza Tsonka, taratibu, kama wameondoka kwa sababu ya udongo. Tsonka akapiga magoti, akasema hajui. Mtoto akalia bila sauti, na kilio cha namna hiyo kinaumiza zaidi. Hapo ningesema. Nilikuwa nalo neno ulimini. Nikasikia mdomo wangu ukisema kwamba kila aliyemo humu ni mshukiwa, na kwamba upekuzi utaanzia ghorofa ya nne.

Tukapanda. Kwa kufuata utaratibu nikaanza na jikoni, nikakagua oveni. Dida akaenda moja kwa moja kabatini akafungua. Inaelekea mila hiyo haiwahusu watoto.

Sanduku la kuaminika lilikuwa chenga. Boga na Mbegu walikuwa ndani ya kitambaa cheupe cha kitani alichofuma mama yake Tsonka, ambacho Tsonka amekitunza kwa ajili ya harusi ya Dida. Wamekitafuna katikati, wamejenga kiota. Cha mviringo. Kazi nzuri, lazima niseme.

Dida akacheka na machozi bado usoni. Akasema wamepanda wenyewe kwa njia ya bomba, wamepapenda hapa, basi wakae hapa, na yeye akitoka shule atakuja hapahapa.

Ameamua. Nikawa kama niliyekimbilia treni nikaikosa. Nikageuka dirishani ili wasinione uso.

Tsonka akaokota kipande cha sanduku. Namba arobaini na tano, viatu vya kiume. Akakitazama, akakitia kwenye mfuko wa aproni. Nikangoja aseme mbele ya mtoto. Akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Mkwe, ukitaka kuja kula, wewe gonga tu. Usinitangulizie panya."

Dida akasema Babu naye atakuja kila siku, si ndiyo, kwa sababu Mbegu bila Babu hasagi meno.

Jumatano, 5 Novemba

Nakula kwa Tsonka kila siku. Supu ya maharage, pilipili za kuoka, mkate wa boga. Dida anafanya hesabu zake katikati yetu. Boga analala shingoni kwangu. Kile kitambaa Tsonka amekishona kiraka mahali pa kiota, na akina Rositsa hajawaambia neno. Jana tulicheka sana, sikumbuki kwa nini. Nilirudi nyumbani sikuisikia saa.

Basi nimekaa nikajiuliza: huyu mwanamke anataka nini?

Hakuna anayemlisha mtu kila siku bure. Halafu ananiuliza kama nimevaa soksi nzito. Halafu ushahidi anao mfukoni na hautumii! Anasubiri. Ananinenepesha, ananituliza, kisha siku moja mtoto ataambiwa yote na mimi nitakuwa nimeshiba mno hata kujitetea. Lazima niwahi.

Leo karibu na stesheni nimekutana na bwana mmoja kutoka Ruse. Anauza nyoka. Mkubwa, mpole ajabu, hana sumu, hapigi kelele, hatafuni suruali. Watoto wanamgombea, anasema. Nitampeleka ghorofa ya nne kama zawadi kwa Dida, akae chumba kimoja na kina Boga. Panya Tsonka amewazoea, nyoka hatamweza! Atakimbia, mtoto atarudi ghorofa ya pili na wanyama wake wote, na Tsonka akitaka kuja kula, agonge.

Kwa kuwa mimi si mtu wa kuuziwa hivihivi, nimemhoji. Analala wapi, anahitaji joto gani, anakula nini. Kwa chakula akaniuliza mtoto ana wanyama gani wengine. Nikasema panya wawili, wanene. Akacheka, akanishika bega, akasema basi chakula kisinipe wasiwasi hata kidogo.

Mtu wa kwanza mwaminifu niliyekutana naye mwaka huu. Namchukua nyoka Jumamosi.