Saa Nilizomgawia Tabasamu

Jumatatu, 9 Desemba

Kikao cha ratiba. Nimetoka nimelowa jasho hadi soksi.

Naandika mambo yalivyo, nisije nikasahau nilivyoonewa. Rada ya kituo hiki ni moja. Nchi washirika ni nyingi, na kila mtafiti anataka kulielekeza dishi juu wakati uleule. Kwa hiyo kila nchi ina fungu lake la saa kwa mwaka, na juu ya mafungu yote amekaa Mama Ratiba na kalamu zake za rangi. Asipokuandika, hukuwepo.

Nataka alfajiri ya Ijumaa. Ndiyo kilele cha mvua ya vimondo, na mimi ndiye mhesabu vimondo wa nchi yetu. Mkurugenzi ameshaniambia wazi: mkataba wangu unakwisha na mwaka, na bila kipimo cha maana hana la kuwaambia wakubwa zake. Mkataba ukienda, nyumba ya kituo nayo inakwenda. Mke wangu ameshapata kazi katika shule ya hapa chini. Binti yetu ameshapata marafiki. Ijumaa ni yangu, hakuna mjadala.

Nikainua mkono. Mkono mwingine ukainuka upande wa pili wa meza. Tabasamu!

Tabasamu ni mtafiti wa upepo wa anga za juu, katoka nchi nyingine mshirika. Anatazama jinsi upepo unavyoisukuma mikia ya vimondo huko angani, kwa hiyo naye anavitaka. Hana baya linaloonekana, ndiyo maana simwamini. Akasema hana neno, tutaelewana. Na meno yote nje.

Mama Ratiba akatukumbusha kanuni. Wawili wakigombea na wasielewane hadi Alhamisi adhuhuri, anapewa yule aliyebakiwa na saa nyingi zaidi katika fungu lake. Nikatupa jicho ubaoni. Tabasamu ananizidi, lakini kidogo tu. Nikatoka mbio kabla hajanifikia na hayo maelewano yake.

Jioni nimeizunguka meza ya chakula mpaka mke wangu akauliza nimepoteza nini. Nikamweleza yote. Akaendelea kukunja nguo.

"Baba watoto," akasema, "si umwombe tu?"

Nimecheka mpaka nikapaliwa. Kumwomba! Huyu mwanamke hajui siasa za rada.

Jumanne, 10 Desemba

Nimepata! Nilikuwa napiga mswaki, nikapata!

Anayetumia saa, saa zake zinapungua. Basi Tabasamu atumie. Atumie mpaka ashibe! Nina nafasi zangu za kujaribia mitambo: leo mchana (rada huona vimondo hata jua likiwaka), alfajiri ya kesho, alfajiri ya Alhamisi. Nikimwachia atazivamia, fungu lake litapungua, langu litabaki limenona. Alhamisi adhuhuri nitakuwa juu yake, na Ijumaa itanijia yenyewe.

Nilimkuta kantini anakoroga chai. Nikamwambia, kwa sauti ya mtu mwema, kwamba sayansi ni ya wote na mimi sina haraka. Akakiweka kijiko chini. Machozi yalimlengalenga, naapa.

"Ndugu yangu, hapa watu wananyimana hata dakika," akasema. "Hili sitalisahau."

Nikamsihi alisahau kabisa. Nikaondoka kwa madaha, nikajigonga kwenye mlango wa kioo.

Mama Ratiba, ambaye habari humfikia kabla hazijatokea, akaniuliza kama abadilishe majina kwenye ratiba. Nikamwambia asijisumbue, ni mambo ya sisi kwa sisi. Akanitazama juu ya miwani. Akasema, haya basi.

Jumatano, 11 Desemba

Dishi limezunguka tangu alfajiri. Nalitazama kutoka dirisha la ofisi na kila likigeuka nahisi saa za Tabasamu zinavyokwenda na maji. Raha iliyoje! Lakini kukaa siwezi. Nimeshuka chumba cha mitambo kuazima stepla. Nikarudi kuirudisha. Nikashuka tena kuulizia stepla.

Tabasamu yuko pale, macho mekundu, anafanya kazi kwa bidii ya kutisha. Akaniambia ananihifadhia nakala ya kila kitu, maana nafasi ni zangu na haki ni haki. Nikamshukuru. Nakala za upepo! Nitazifanyia nini, nianike nguo?

Nikaona amenogewa, nikamwongezea na nafasi yangu ya akiba ya mchana wa leo. Akanikumbatia mbele ya watu.

Mkurugenzi alipiga simu kuuliza maandalizi. Nikamwambia Ijumaa iko mfukoni. Akasema vizuri, maana ameshawaambia wakubwa. Moyo ulinipiga kidogo hapo. Nikaupiga konde.

Mke wangu anasema natabasamu vibaya siku hizi. Anataka kujua nimeficha nini. Nimemwambia atajua Ijumaa.

Alhamisi, 12 Desemba

Nimekwisha.

Adhuhuri nilikuwa wa kwanza mbele ya ubao. Mama Ratiba akaja na kalamu zake, akafuta, akaandika. Saa za Tabasamu hazikupungua hata moja. Zangu zimeporomoka. Nikamwambia amegeuza majina. Akasema yeye hageuzi majina. Saa huhesabiwa kwa jina lililo kwenye ratiba, haidhuru nani amekaa kwenye kiti. Alitaka kubadilisha, nikamwambia asijisumbue. Akanikumbusha pia kwamba kanuni hiyo ilipitishwa mwaka jana kwa kura za wote, na mkono wangu ulikuwa juu.

Ni kweli ulikuwa juu. Nilikuwa najinyoosha, nimetoka kusinzia.

Kwa hiyo nimemlisha adui kwa kijiko changu mwenyewe, na Ijumaa ni yake. Yeye mwenyewe hakuwepo hata kunicheka. Amekesha, kalala. Nikatembea korido nzima, nikarudi, nikatembea tena. Nyumba. Shule. Binti yangu na marafiki zake. Na Tabasamu, na meno yake, chini ya vimondo vyangu!

Basi kama si yangu, isiwe ya mtu.

Nikaenda karakana kwa Fundi Mkuu, mtu ambaye hakazi boliti bila kuifikiria kwanza. Nikamwambia nimesikia mngurumo kwenye beringi za dishi. Akaweka bisibisi chini taratibu. Akauliza mngurumo wa namna gani. Nikaunguruma. Akaniomba nirudie. Nikarudia, safari hii na mtetemo. Akavua kofia, akasema hilo si la kuchezea, rada inafungwa kuanzia leo usiku hadi kesho mchana.

Nikajiona mtu mzito sana. Nimeenda nyumbani nikipiga mluzi.

Alhamisi tena, jioni

Mlango uligongwa tukiwa mezani. Tabasamu, na pakiti ya biskuti kwa ajili ya binti yetu.

Hakutaka hata kukaa. Akaeleza amesimama mlangoni kwamba kwa zile nafasi nilizomwachia amepata kila alichokihitaji. Kesho vimondo vitakuwa vingi mno kwake, mikia itaingiliana, hatatoa kitu. Ameshampitia Mama Ratiba, jina langu limeshaandikwa.

"Ijumaa ni yako, ndugu yangu," akasema. "Nilitaka tuelewane tangu Jumatatu, ila ulitoka kikaoni mbio."

Nilibaki na kijiko hewani. Mke wangu akamshukuru kwa niaba yangu. Halafu akanigeukia, akaona uso wangu, akaniuliza kwa upole nimefanya nini.

Nilikuwa nimeshavaa kiatu kimoja. Nikakimbia hadi karakana, nikamwambia Fundi Mkuu kwamba nimefikiri upya, huenda ulikuwa upepo, huenda lilikuwa tumbo langu. Akanishika bega. Akasema anaelewa, watu wengi huogopa lawama wakishasema. Lakini mambo ya usalama hayarudi nyuma. Na kwa kuwa masikio yaliyosikia ni yangu, alfajiri niwe pale nimwonyeshe ni wapi.

Ijumaa, 13 Desemba

Alfajiri yote nimekuwa chini ya dishi, sikio kwenye chuma. Chuma cha alfajiri ni baridi kuliko mtu anavyodhani.

Juu yangu vimondo vilikuwa vinamwagika. Sijawahi kuona vingi namna ile. Nilijaribu kuvihesabu kwa macho, lakini kila nikifika mahali Fundi Mkuu anauliza kama nasikia kitu, hesabu inapotea. Kwa sasa hapana, nikamwambia. Akasema tuvute subira. Dishi limesimama kimya, limeelekezwa ukutani, na mbingu inapita bure.

Tabasamu akaja na chupa ya chai. Hakuuliza chochote. Alikaa kwenye sanduku la vyombo, akatumiminia wote, akanipa koti lake. Niliona haya kweli. Nikamgeukia nimwambie yote. Kisha Fundi Mkuu akasema nyamazeni, nadhani kuna kitu. Tukanyamaza. Hakukuwa na kitu. Na wakati wa kusema ukawa umepita.

Mkurugenzi amepiga simu mara kadhaa. Simu nimeiweka chini ya mto.

Jumatatu, 16 Desemba

Niliingia kwa Mkurugenzi nikiwa tayari kufukuzwa. Nilikuwa nimekwishaanza kuomba maboksi kantini. Nikamkuta Tabasamu ameketi pale, na grafu imetandazwa mezani.

Zile nakala! Kumbe mkia wa kimondo ni mkia wa kimondo, ukitaka pima upepo, ukitaka hesabu vimondo. Jumanne vichache, Jumatano vingi, Alhamisi vingi zaidi. Na kwa kanuni ya Mama Ratiba, saa zikihesabiwa kwa jina langu, vipimo navyo ni vyangu. Grafu inapanda vizuri kabisa, inapanda, halafu Ijumaa, shimo.

Mkurugenzi akaweka kidole kwenye shimo. Akauliza hiki nini.

Tabasamu akajibu yeye. Akaeleza kwamba rada ilifungwa kwa ukaguzi wa usalama, na aliyeomba ukaguzi ni huyu bwana mwenyewe, ambaye aliacha kilele cha mwaka kimpite ili watu wasidhurike. Alisema kwa moyo mmoja. Anaamini!

Mkurugenzi akaikunja grafu. Mwishowe akasema ataongeza mkataba, ila kwa miezi mitatu, tuone.

Mke wangu alipopata habari alikaa kitandani akalia kidogo. Kisha akafuta macho, akaniambia niende kwa yule mtu sasa hivi, nimshukuru, na nimwambie ukweli. Nimekubali. Nitamwambia. Wakati ukifaa.

Jumanne, 17 Desemba

Nimeuchunguza mpango wangu na sioni kosa. Nilimpa saa, nikapata mkataba. Kilichokosekana ni usiri zaidi.

Leo Tabasamu amenijia na pendekezo. Mwanzoni mwa Januari kuna mvua nyingine ya vimondo. Anataka tuandikishe pamoja, majina mawili kwenye nafasi moja. Kanuni inaruhusu, na kila mmoja anakatwa nusu tu ya saa. Yeye achukue upepo, mimi nichukue hesabu. Hakuna anayepoteza, akasema, na meno yote nje.

Hakuna anayepoteza! Mtu wa namna hii anatafuta nini? Nimezunguka meza ya chakula, nimezunguka nyumba, nimezunguka uwanja mzima wa kituo. Biskuti, chai, koti, maneno matamu kwa Mkurugenzi. Halafu nusu kwa nusu! Huu ni mtego, hata mtoto anauona.

Nimemjibu kwamba nitafikiria. Halafu nimepita karakana. Nimemwambia Fundi Mkuu kwamba nadhani nimesikia kitu, upande wa magharibi safari hii.