Ukuta wa Chumba cha Mwisho

Watu walimwita Mkurugenzi, ingawa maishani mwake hakuwahi kuongoza kitu chochote isipokuwa pesa za wenzake kuelekea mfukoni mwake. Siku hiyo aliingia makumbusho ya pango si kwa kupenda historia, bali kwa sababu mbele yake alitangulia bwana mmoja mnene mwenye saa ya dhahabu. Mlangoni palikuwa na tangazo la halmashauri: makumbusho yatafungwa mwisho wa mwezi kwa kukosa mlango wa pili wa dharura, wenye upana wa kupitisha machela. Mkurugenzi alilipita bila kulisoma. Yeye husoma saa za watu.

Pango lilikuwa nyumba kamili iliyochongwa ndani ya kilima, yenye jiko lililojaa masizi, vitanda vya mawe na vishubaka vya taa. Mtunzaji wake, Mama Funguo, aliyepewa jina hilo kwa mzigo wa funguo alioufunga kiunoni, alizaliwa juu ya kitanda cha karibu na jiko, na alikionyesha kwa kila mgeni bila aibu. Alikuwa analipenda lile pango kama watu wengine wanavyowapenda watoto wao, na tangu tangazo libandikwe alikuwa halali vizuri.

"Kila mtoto akizaliwa, babu alichonga chumba kingine kwenda ndani," aliwaeleza wageni. "Hiki cha mwisho alinichongea mimi. Halafu akaacha."

"Kwa nini?" aliuliza mwenye saa, ambaye alikuwa tajiri wa mabati na hakupenda kusikia kazi imeachwa njiani.

"Aliugonga ukuta, akausikiliza, akaweka sururu chini. Akatukataza tusiuguse."

Tajiri akaugonga kwa pete yake. Ukuta ukatoa mlio wa debe tupu. Macho yakamtoka, na Mkurugenzi, aliyekuwa amesimama nyuma yake, akaiona riziki yake ya wiki.

Alimfuata hadi nje. "Samahani, bosi. Mimi ni mtu wa idara ya mambo ya kale. Mle ndani kuna dhahabu ya yule babu. Tumeifuatilia miaka mingi."

"Sasa mbona serikali haichimbi?"

"Serikali ikichimba, bosi, mimi na wewe tutapata nini?"

Tajiri aliona hoja hiyo haina kasoro. Watu wa vibali, alielezwa, ni wagumu, wanahitaji kulainishwa. Akavua saa.

Hapo kazi ilikuwa imekwisha. Mkurugenzi alifika stendi na mguu mmoja ulikuwa tayari ndani ya basi, lakini ule mlio ulikataa kumtoka masikioni. Alikuwa ameisimulia dhahabu ile kwa utamu kiasi kwamba sasa alikuwa anaiona. Tapeli akianza kuuamini uongo wake mwenyewe, amekwisha, lakini nani angemwambia? Akashusha mguu, akarudi pangoni.

"Mama yangu, shikamoo. Naomba ufunguo Jumatatu, siku mnayofunga. Tunataka kufanya utafiti kidogo kwenye ule ukuta."

"Marahaba. Utafiti wa sururu?"

"Kidogo tu."

Mama Funguo alimtazama, akalitazama tangazo la mlangoni, akamtazama tena. Mtu asiye na haraka angeona kwamba mama huyu alikuwa anapiga hesabu. Mkurugenzi aliona tu mama mnyonge anayehitaji kupozwa.

"Ufunguo una wenyewe, mwanangu," alisema. Saa ya dhahabu ikabadilisha mfuko.

Jumatatu tajiri alikataa katakata kuleta vibarua, wasije wakatoboa siri. Kwa hiyo wakachimba wenyewe, mmoja amevaa suti, mwingine suti ya kuazima. Mama Funguo aliwaletea maji ya kunywa, akachora ukutani kwa mkaa umbo refu lenye kichwa cha mviringo.

"Fuateni mstari. Babu ndivyo alivyochonga. Mkitoboa ovyo, dari litawalalia."

"Mbona pana hivi?" alihema tajiri.

"Kwani mnachotafuta mtakitolea kwenye tundu la panya?"

Wakaona mama ana akili, wakaongeza upana. Malengelenge yalipasuka na yakaota mengine. Mchana sururu ya Mkurugenzi ikazama hadi kwenye mpini.

"Tumefika, bosi," alinong'ona.

Tajiri alimsukuma pembeni, akaingiza mkono tunduni mpaka begani, akapapasa.

"Unagusa nini?"

"Kitu chenye manyoya."

Kitu hicho kikalia mee. Wakavuta, jiwe likaporomoka, na jua likaingia chumbani kwa mara ya kwanza tangu kilima kiumbwe. Nyuma ya ukuta kulikuwa na barabara ya vumbi, mbuzi mwenye hasira, na afisa wa halmashauri aliyeshika futi kamba, ambaye Mama Funguo alikuwa amempigia simu tangu asubuhi.

"Babu aliacha kwa sababu angetokea barabarani," Mama Funguo alisema kwa upole. "Ukuta ulibaki mwembamba sana."

Tajiri aligeuka taratibu, beleshi mkononi. "Saa yangu iko wapi?"

Mkurugenzi alitupa sururu. Akakimbia kupitia mlango mpya. Tajiri akamfuata na beleshi lake, na mbuzi akawafuata wote wawili.

Afisa aliwasindikiza kwa macho mpaka kona, kisha akaandika: mlango unapitisha watu wazima wawili, hata wakiwa mbioni. Akalibandua tangazo.

"Hao ni mafundi wako, mama?"

Mama Funguo alikuwa ameketi kwenye kitanda alichozaliwa juu yake, akilia kwa furaha na kujifuta machozi kwa mkono uliovaa saa ya dhahabu.

"Hapana, mwanangu. Ni wafadhili. Hawapendi kutajwa."