Kitanda Kisicho na Makosa

Hurlingham, Nairobi
9 Julai 1973

Kwa Bwana Gichuru, Mwalimu wa Usanifu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na nyumba yako. Mimi ni Phoebe, mke wa mwanafunzi wako Dalmas. Sina ugomvi na elimu. Ugomvi wangu ni kitanda cha mwanangu, ambacho umemnyang'anya bila hata kukigusa. Nieleze kwa utaratibu.

1. Dalmas alikulia kwenye karakana ya babake. Alipomtengenezea binti yetu Peres kitanda, kilitoka sawa mara ya kwanza. Mtoto akalala, nami nikalala. Kisha akakuletea ukisahihishe. Ukakizunguka, ukamwambia, "Kazi ni safi, lakini makosa yako iko wapi? Mimi nataka kuona vile ulifika hapa." Alirudi nyumbani kama mtu aliyefumaniwa.

2. Kesho yake alikifungua chote, ubao kwa ubao, ili achore kilivyoanza. Sasa anatengeneza vitanda vibaya kwa makusudi, na kazi hiyo inamshinda. Kuna mguu alioupinda ili auite kosa. Gurdeep, fundi wa kule mjini anayemuuzia mbao, aliuona akaomba ruhusa ya kuuiga. Dalmas nusura alie.

3. Kuta za chumba chetu zimejaa michoro ya makosa ambayo hayakutokea. Mchungaji alipokuja kutuombea, aliitazama, kisha akaongeza ombi lingine ambalo hatukuwa tumemwomba.

4. Ugonjwa umeingia jikoni. Jana nilisonga ugali, ukaiva vizuri. Mume wangu, kamera ya kuazima mkononi, akauliza ule ulioharibika kwanza uko wapi, aupige picha. Naogopa siku ninyi walimu mtakapomtazama Peres mwenyewe na kutuuliza tulimpata baada ya majaribio mangapi.

Wakati huo mtoto analala kwenye kapu la nguo, na miguu imeanza kutokeza nje. Inaniuma, Bwana Gichuru, nakwambia wazi.

Kwa hivyo naomba umpe Dalmas alama kwa kitanda chenyewe, usidai historia yake. Ikiwa sheria za chuo zinakataa, basi kubali kwamba kushindwa kukosea ndilo kosa lake, uliandike hivyo, nasi turudishe mbao mahali pake.

Nisalimie walimu wenzako, karani wa idara na mama watoto wako. Peres naye angewasalimu, lakini leo amenuna.

Ni mimi, ambaye bado nakuheshimu,
Phoebe, mama Peres

Tanbihi: Barua hii niliiandika mara moja ikatoka safi, nikaogopa hutaiamini. Kwa hivyo nimeandika nyingine tatu mbovu, nazo nimeziambatisha. Leo mchana Dalmas alikuwa ameshachoka na mambo haya, ameshika nyundo aunganishe kitanda. Nimemwomba aiweke chini kwanza, anipige picha nikikosea.